Kadi iliuliza kazi, haikuuliza mto

Wenzake wa kazi walimwita Mpwani, nami nitamwita hivyo hivyo. Jina lake halisi halina haja hapa, na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyageuza. Alikuwa na miaka 34. Kazi yake ilikuwa kwenye lojingi za upande wa chini wa River Road, Nairobi, mahali ambapo mchana ni matatu, simu na nguo za jumla, na ikifika saa mbili usiku mtaa unapata wenyewe wengine. Mimi ni muuguzi. Kliniki niliyokuwa nikifanya kazi wakati huo huwahudumia madada wanaouza ngono. Sitaitaja, maana makosa nitakayosimulia yalikuwa yetu, mimi nikiwemo.

Kadi yake ilikuwa imenenepa. Ndani ya miezi 14 alikuwa amekuja kwetu mara sita, na kati ya hapo alikuwa amepitia maduka ya dawa ya mtaani, ambako hakuna kadi wala maswali. Nilipozipitia kurasa nilikuta karibu maneno yale yale: uchafu ukeni, maumivu chini ya kitovu, damu baada ya tendo. Dawa nazo zile zile: sindano moja, vidonge vya siku saba, na metronidazoli, ambayo nusu ya Nairobi huijua kwa jina la Flagyl. Juu ya kila ukurasa, kwenye nafasi ya kazi, palikuwa na muhuri mwekundu wa kuonyesha kwamba mteja huyu ni mwanamke wa biashara ya ngono. Muhuri ule uliwekwa kwa nia njema, ili dada asilazimike kujieleza upya kwa kila mtu anayemhudumia. Nitaurudia.

"Sista," aliniambia ziara ya saba, "dawa zenu nimezila hata nimechoka. Hebu niambie, ni ugonjwa gani huu usiosikia dawa?"

Sikuwa na jibu, lakini swali lilinichoma. Mara sita tulikuwa tumetibu dalili. Ndivyo tulivyofunzwa: mwanamke akija na uchafu ukeni, usingoje maabara, mpe dawa za magonjwa yote ya zinaa yanayoelekea kuleta dalili hiyo, mwisho wa habari. Utaratibu huo umeokoa watu wengi mahali pasipo na vifaa, nami siudharau. Ila hauna mlango wa kutokea. Mgonjwa akirudi na dalili ile ile, karatasi inakuambia ama hakumeza dawa, ama ameambukizwa tena. Na kwa mwenye muhuri mwekundu, sote tulijua jibu kabla ya kuuliza: ameambukizwa tena, kazi yake si hiyo?

Safari hii nilichukua uchafu kidogo, nikaupaka kwenye kioo pamoja na tone la maji ya chumvi, nikaupeleka maabara mwenyewe mbio mbio. Mbio zilikuwa na sababu. Kimelea tulichokitafuta kinaitwa trikomonasi, na hutambuliwa kwa mwendo wake. Kikiwa hai utakiona kinajirusharusha kati ya chembe nyeupe za damu kama mlevi anayepenya umati wa Gikomba. Kikipoa hutulia, na kikitulia hufanana na chembe yoyote ile. Una dakika chache tu. Ilikuwa Julai, ile Nairobi ya koti na mawingu kutwa, na dirisha la ukumbi wetu lilikuwa limevunjika kioo tangu Pasaka. Nilipofuatilia baadaye nikagundua kwamba katika zile ziara sita, sampuli ilipelekwa maabara mara mbili tu, na mara zote mbili kioo kilikaa kwenye trei pale ukumbini kikingoja vingine vijae. Majibu: hakuna kilichoonekana. Hata kikisomwa upesi na mtu makini, kipimo hiki kinaweza kukosa karibu nusu ya walioambukizwa. Kile kilichopigwa na upepo wa Julai sijui tulitarajia kituambie nini.

Siku hiyo fundi wa maabara alikuwa kwenye kiti chake. Akaniita nichungulie. Walikuwa watatu kwenye duara moja la hadubini, wanajirusha.

Tulifurahi. Ni furaha ya ajabu ya watu wa maabara, kushangilia mdudu.

Trikomonasi ni kimelea cha chembe moja, hakionekani kwa macho, na hupita kwa kujamiiana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria maambukizi mapya milioni 156 kwa mwaka 2020 kati ya watu wa miaka 15 hadi 49, zaidi ya kisonono, zaidi ya kaswende. Kinatibika kwa vidonge vya bei ndogo. Hata hivyo mtaani hakina jina. Uliza watu kumi pale stendi wakutajie magonjwa ya zinaa, utasikia kisonono, kaswende, ukimwi, na hapo wataanza kucheka. Sababu moja ni kwamba wengi walio nacho hawaumwi kitu, hasa wanaume, ambao hukibeba bila habari. Kwa mwanamke kikiamua kuleta fujo kinaleta uchafu wa manjano au kijani, harufu, mwasho, na ukuta wa uke uliovimba. Uvimbe huo huwaita pale chembe zile zile ambazo virusi vya ukimwi huzitafuta, na tafiti zinaonyesha mwanamke mwenye trikomonasi yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa VVU. Mpwani hakuwa na VVU. Alikuwa akimeza vidonge vya kujikinga na alijipima kila miezi mitatu bila kukumbushwa. Hilo pia lilikuwa kwenye kadi, kwa mwandiko mdogo.

Swali likawa, kama alipewa metronidazoli mara sita, mbona kimelea bado kinacheza?

Nilimwuliza alivyoimeza. Akacheka kidogo, ile ya mtu aliyekamatwa. Ziara nne za mwanzo alipewa gramu mbili za kumeza papo hapo, kipimo tulichozoea miaka mingi. Kwa wanawake kipimo hicho kimeonekana kushindwa mara nyingi kuliko miligramu 500 kutwa mara mbili kwa siku saba, na mwongozo wa Marekani wa 2021 ulihamia huko. Ziara mbili za mwisho nasi tulikuwa tumehamia. Lakini kila aliyempa alimwambia na lile neno letu: usiguse pombe.

"Mimi nakaa baa tangu saa mbili," akasema. "Mteja akininunulia bia nikikataa, ataona nina jambo. Sasa nifanyeje? Cha asubuhi nameza, cha usiku naacha."

Kwa hiyo alimeza nusu, kwa uaminifu kabisa, akifuata onyo letu. Mwongozo ule ule wa 2021 uliondoa hata hilo katazo la pombe, ukisema halina haja kwa dawa hii. Nilikuwa nimeusoma. Nilikuwa naendelea kusema "usiguse pombe" kwa mazoea tu, kama mtu anavyosema "safari njema" hata kwa anayevuka barabara.

Na palikuwa na jambo la pili. Kwa wateja alitumia kondomu bila mjadala. "Wale siwajui," alisema. Nyumbani Kariobangi alikuwa na mwanaume wake wa miaka mitano, fundi wa viatu, na huko kondomu haikuvuka kizingiti. "Yule si mteja, sista." Alivyolisema hilo ni kama nimemwuliza kama hulipia ugali wa kwake. Hii si ajabu ya Mpwani peke yake. Ukikaa na madada hawa utaisikia kila juma: kondomu ndiyo mpaka kati ya kazi na mapenzi, na kuiingiza nyumbani ni kumgeuza mpenzi kuwa mteja. Siwezi kuapa kimelea kilitoka wapi. Lakini kwa hesabu ya kawaida, kilipita pale pasipokuwa na kizuizi, na pale palikuwa kitandani kwake, kwa mtu mmoja ambaye kadi yetu haikuwa na mstari wa kumwuliza habari zake.

Fundi wa viatu alikataa kuja wiki mbili. Hana maumivu, hana usaha, atibiwe nini? Akaja Jumamosi moja, akasimama nje ya lango kofia mkononi, akaingia foleni ilipokwisha. Walimeza pamoja, siku saba, asubuhi na usiku.

Tulipompima Mpwani tena baada ya miezi mitatu, trikomonasi haikuwepo. Harufu ilikuwa imekwisha, uchafu umekwisha. Nikafungua kadi niandike amepona.

"Damu bado," akasema.

Hapa ndipo kisa kinapoanza hasa, na ndipo ninapojilaumu zaidi, kwa sababu neno damu lilikuwa kwenye kurasa zote sita na sote tulilisoma kama sehemu ya uchafu. Nilimwomba anieleze. Damu haikuwa nyingi. Ilikuja baada ya tendo, mara nyingine katikati ya tendo, nyekundu, kama aliyekwaruzwa. Kwenye kazi yake hiyo ni hasara ya moja kwa moja. Mteja akiona damu anadhani ni hedhi, anadai pesa yake, au anadhani ni ugonjwa na mambo yanakuwa mabaya zaidi. Mmoja alimpiga. Basi alijifunza kusukuma donge la pamba ndani kabisa kabla ya kupanda ngazi, na kulitoa baadaye kwa kidole. Kabla ya kuja kliniki alijiosha ndani kwa maji ya uvuguvugu na chumvi ili asituaibishe, ndivyo alivyosema, asituaibishe sisi. Kwa hiyo kila tulipomchungulia tulikuta mahali palipooshwa, pamekwaruzwa na pamba, pekundu. Mwenzangu aliandika: mlango wa kizazi umevimba, unatoa damu ukiguswa, tibu zinaa.

Damu baada ya tendo kwa mwanamke wa miaka 34 kwanza ni saratani ya mlango wa kizazi mpaka uthibitishe vinginevyo. Nilimfanyia uchunguzi wa siki: unapaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, unangoja dakika moja, unatazama kama pana sehemu inayogeuka nyeupe. Hapakugeuka nyeupe. Lakini upande wa chini, kama palipo namba saba kwenye saa ya ukutani, paliniudhi macho. Palikuwa na kitu kama punje za mchanga zilizopachikwa chini ya ngozi laini, rangi ya njano iliyofifia. Nikapitisha pamba nikidhani ni takataka. Hazikufutika. Nilipogusa mara ya pili pakatoa damu.

Sikujua ninatazama nini. Miaka tisa ya kazi, maelfu ya wanawake, na sikujua.

Aliyejua hakuwa daktari. Alikuwa mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa kwetu kwa mafunzo, kijana wa Hola, mkimya. Alimsikia Mpwani akiongea akamsalimu kwa Kipokomo. Wakaanza kutafutana: wewe wa kijiji gani, wa ukoo gani. Mpwani alizaliwa karibu na Garsen, kando ya Mto Tana. Mwanafunzi akamwuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Na kule mlikuwa mkioga mtoni?"

"Tuoge wapi kwengine?"

Mto, na yale maziwa madogo yanayoachwa na mafuriko, na mashamba ya mpunga. Walioga humo, walifua humo, walichota humo. Wavulana wa kwao walikojoa damu na hakuna aliyeshtuka. Wazee walisema ni kubalehe, na watoto walishindana nani mkojo wake umewiva zaidi. Yeye pia aliwahi kuuona wake una rangi, akiwa darasa la tano hivi. Mama yake alimpa maji ya mizizi, ukaacha. Aliondoka kwao na miaka 19, ila kila Idi hurudi, na akirudi hujitosa mtoni kama zamani, "maana ile ndiyo raha ya nyumbani."

Mwanafunzi akanigeukia. "Sista, hiki si kichocho?"

Jina hilo kila aliyesoma shule ya msingi Kenya amelisikia. Tulichora konokono kwenye daftari, tukachora mshale kutoka konokono kwenda kwa mtu, tukapata alama kumi kwa kumi. Tulichofunzwa ni kwamba kichocho ni cha kibofu, dalili yake ni mkojo wenye damu, mgonjwa wake ni mtoto wa kiume wa mtoni. Mshale haukuendelea hadi kwenye kizazi cha mwanamke.

Mzunguko wenyewe ni huu. Mtu aliyeambukizwa akikojoa majini, mayai ya mnyoo huanguliwa, vitoto vyake vinaingia kwenye konokono wa maji baridi. Baada ya wiki kadhaa hutoka humo kwa maelfu, na vikikuta ngozi ya binadamu vinaipenya kwa dakika chache, bila kidonda, bila maumivu ya kukumbukwa. Ndani ya mwili hukua, dume na jike hushikana, dume akiwa amemkumbatia jike kwenye mfereji wa mwili wake, na huishi hivyo ndani ya mishipa midogo ya damu inayozunguka kibofu. Kwa kawaida huishi miaka kadhaa, na wapo waliokutwa na minyoo hai miongo mingi baada ya kuondoka kwenye maji yenye maambukizi. Jike hutaga kila siku. Mayai yana mwiba mkiani, yanakata njia kutoka kwenye mshipa kwenda kibofuni ili yatoke na mkojo. Mengine yanapotea njia. Mishipa ya kibofu na ya mlango wa kizazi ni majirani, imeungana, na mayai yanayoelekea huko hukwama kwenye nyama, mwili unayazungushia uvimbe, na ndizo zile punje za mchanga nilizozigusa. Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha picha mwaka 2015 kwa ajili ya watu kama mimi. Nilipokifungua jioni ile, picha ya tatu niliyoitazama ilikuwa karibu ni Mpwani.

Inakadiriwa wanawake na wasichana milioni 56 wana kichocho cha sehemu za uzazi, wengi wao Afrika kusini mwa Sahara. Nchini Kenya kichocho hiki cha mkojo kiko hasa Pwani: Tana River, Kwale, Kilifi na majirani zake. Kule Mwea na kandokando ya Ziwa Victoria kilichozoeleka zaidi ni kichocho cha utumbo, ambacho ni ndugu yake. Mpango wa kitaifa wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo ulianza 2009. Mpwani alikuwa amekwisha kutoka shule, na wenzake wote wa rika lake pia. Hao ndio sasa wako Nairobi, wana miaka thelathini na kitu, wanauza nguo, wanalea, wanafua kwa watu, wanauza ngono.

Tulimwomba mkojo. Si mkojo wa asubuhi kama tulivyozoea. Mayai hutoka zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na inasaidia mtu akijitikisa kwanza. Alipanda na kushuka ngazi za jengo letu mara tano huku akitucheka. Fundi wa maabara alizungusha mkojo kwenye mashine, akatazama kilichotuama. Alipata mayai matatu, kila moja na mwiba wake. Hakuwahi kuyaona nje ya kitabu cha chuo, akaita kila mtu mpaka karani wa mapokezi.

Mayai matatu mtu mwingine angeweza kuyakosa. Na hata tungekosa yote, yale madoa yasingekuwa uongo: mkojo unaweza kuwa safi kabisa na kizazi kimejaa.

Matibabu yalikuwa mepesi kiasi cha kuudhi. Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Alikuwa na kilo 60, basi vidonge vinne vya miligramu 600, vikubwa, vichungu, baada ya kula. Ugumu ulikuwa kuvipata. Dawa hii huenda mashuleni kwa maboksi, lakini kuandikiwa mtu mzima mmoja katikati ya Nairobi ni kazi ya simu na kubembeleza. Tulivipata siku ya nne. Alimeza mbele yangu na chapati mbili na chai, akakunja uso, akasema afadhali Flagyl.

Nilimweleza kitu ambacho sikupenda kukieleza. Dawa inaua minyoo mikubwa, haiui minyoo ambayo bado haijakomaa, kwa hiyo ingebidi arudie. Tena haiondoi mayai yaliyokwisha kukwama. Madoa yale yanaweza kupungua, yanaweza kubaki yalivyo maisha yote. Hatukukata kipande cha nyama kwa ajili ya vipimo, maana kwa mwanamke wa kazi yake kidonda kipya mahali pale ni kumfungulia VVU mlango. Tulimpeleka hospitali kubwa atazamwe kwa kifaa cha kukuza, wakathibitisha, wakasema hakuna dalili ya saratani.

"Na mtoto?" akauliza.

Sikuwa nimefika huko. Ilikuwa kwenye kadi, idadi ya watoto: sifuri, na kila mmoja wetu aliisoma kama uamuzi. Kumbe alikuwa akitafuta mtoto na yule fundi miaka yote mitano, na kabla yake na mwingine. Kichocho kikifika kwenye mirija kinaweza kuizuia. Trikomonasi nayo haisaidii. Nilimwambia hivyo, na kwamba siwezi kujua kwake ni kipi, au kama ni hata kimoja. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Miaka yote hiyo nilijua ni adhabu ya kazi." Nikatamani angekasirika.

Nimeufikiria sana ule muhuri mwekundu. Nairobi ina historia ndefu na wanawake hawa. Mwaka 1985 kulianzishwa kliniki ya utafiti Majengo, Pumwani, na kutoka kwa wanawake wa pale dunia imejifunza mambo mengi kuhusu VVU, pamoja na ile habari ya wachache waliokaa miaka bila kuambukizwa ingawa kila hesabu ilisema wangepaswa. Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi, aliketi nao kwenye vyumba vyao kabla ya wengi kuthubutu. Huduma za leo, ikiwemo yetu, zimekua kwenye kivuli hicho, na ni kivuli kizuri. Lakini kimetuzoesha kumtazama dada kuanzia kiunoni kushuka, na kuanzia siku alipoingia kazini kuja mbele. Maisha yake kabla ya River Road hayakuwa na mstari kwenye kadi.

Ndiyo maana nasema kwake kazi ilikuwa hatari kwa njia ambayo hatukuitegemea. Kichocho hakipitishwi kwa ngono hata kidogo. Alikipata akiwa mtoto, akioga. Trikomonasi kwa kila dalili ilitoka nyumbani. Kilichofanywa na kazi ni kuvifunika vyote viwili. Ilitupa sisi jibu la haraka, ikampa yeye aibu ya kutosha kulikubali, na ikamlazimisha kujiosha na kujipachika pamba juu ya majeraha ambayo tayari yalitoa damu. Kuhusu kichocho na VVU, tafiti hazijakubaliana. Zipo zilizoona uhusiano mkubwa, zipo za karibuni ambazo hazikuuona. Lakini ngozi inayotoa damu kila usiku haihitaji takwimu kunitia wasiwasi. Nilimwomba aache pamba. Aliacha kwa muda, akarudia, akaacha tena damu ilipopungua. Ilichukua kama miezi saba, na haikukoma kabisa. Mwaka uliofuata alimeza prazikwanteli tena, kabla ya Idi kwa makosa, kisha tukamwambia ameze baada ya kutoka mtoni.

Wenzangu wawili wa ofisini waliona nimetia chumvi. Wagonjwa wangapi wa Tana River tunao? Hawakosei kabisa, si kila damu ni kichocho, na kuanza kumpima kila mtu mkojo saa sita mchana kutatumalizia bajeti ya vioo. Nilichofanya mimi ni kuuliza swali moja tu kwa kila anayerudi mara ya pili na dalili ile ile: ulikulia wapi, na mlioga wapi. Halichukui nusu dakika.

Mpwani ndiye aliyeniletea wa pili. Alikuja na mdogo wake, mwanamke wa miaka 29, ameolewa Eastleigh, anauza mahamri alfajiri. Alivaa buibui na hakutaka kukaa kwenye benchi la kliniki yetu, tukampitisha nyuma. Yeye alikuwa na kadi ya kwingine, safi, kwenye nafasi ya kazi imeandikwa mama wa nyumbani. Ametibiwa fangasi mara nne. Kwake hakuna aliyewahi kudhania trikomonasi, sembuse kumwuliza kama anatoka damu baada ya tendo, kwa sababu mke wa watu haulizwi mambo hayo. Mkojo wake haukuwa na yai hata moja. Madoa yalikuwepo, mengi kuliko ya dada yake.

"Tulikuwa tukioga pamoja," Mpwani akasema, akiwa amemshika mkono kwenye kitanda. "Mimi ndiye niliyemfundisha kuogelea."

Nilianza kuandika kwa kalamu, chini ya muhuri, kwenye kila kadi mpya: maji ya utotoni, kisha nukta mbili. Kadi nyingine zilichapishwa mwisho wa mwaka. Zilikuja na karatasi nzuri zaidi na nafasi kubwa zaidi ya kazi. Kalamu bado ninayo mfukoni.